Baharia Aliye Ukingoni

Habari za mashua ndogo za mbao zinazokwenda kwa upepo na kuongozwa kwa redio

Ni nani kati yetu ambaye utotoni hakutengeneza mashua? Wengine tulichukua ganda la mgomba, wengine kipande cha ubao, wengine karatasi ya daftari iliyokwisha kuandikwa pande zote mbili. Tulisimamisha kijiti katikati, tukatia jani liwe tanga, tukaishusha mashua yetu mtoni au ziwani, au hata katika dimbwi la mvua mbele ya nyumba. Ikaenda hatua tatu, ikapinduka. Tukacheka, tukaanza tena. Halafu tukakua, tukawaachia wadogo zetu mashua, tukisema moyoni kwamba huo ni mchezo wa watoto.

Lakini wako watu wazima ambao hawakuacha. Katika bustani ya Luxembourg, mjini Paris, watoto hukodi mashua ndogo za mbao na kuzisukuma kwa fimbo katika bwawa lililo mbele ya jumba la Seneti. Wapita njia hutazama kidogo, hutabasamu, huenda zao. Na London je? Huko, katika bustani ya Kensington, liko bwawa liitwalo Round Pond, ndiyo kusema Bwawa la Mviringo. Tangu karne ya 19 waliokuja pale na mashua zao hawakuwa watoto peke yao, bali pia baba zao na babu zao. Nao hawakuja kuchezacheza, walikuja kushindana.

Leo tunataka kuwaeleza habari za mashindano hayo na za mashua zenyewe: jinsi zinavyojengwa kwa mbao, jinsi zinavyopewa amri kwa redio hali hamna mtu ndani yake, na jinsi zinavyompima yule aliyezijenga. Wanafunzi watapata humo hesabu kidogo na elimu ya nguvu za vitu. Mafundi watapata jambo la kazi yao. Na sisi sote tutapata jambo la kufikiri.

KABLA YA REDIO

Mtu anayeshindana kwa mashua kubwa hukaa ndani yake. Mkono mmoja hushika usukani, mwingine hushika kamba ya tanga. Upepo ukigeuka, naye huugeukia. Lakini mashua yenye urefu wa meta moja haiwezi kumbeba mtu. Basi nani ataiongoza ikiisha kuondoka ukingoni?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hili: sharti ijiongoze yenyewe. Mwenye mashua aliusikiliza upepo kwa shavu lake, akapanga matanga na usukani, kisha akaiachilia na kuifuata kwa miguu kandokando ya bwawa, ameshika fimbo. Mashua ikikaribia ukingo, aliigeuza kwa fimbo ile na kuielekeza tena majini. Zilishindana mbili mbili. Safari ya kwenda kinyume cha upepo ilimpa mshindi alama 3. Safari ya kurudi, upepo ukiwa nyuma, ilimpa alama 2 tu. Maana yeyote aweza kwenda anakosukumwa, lakini kuupanda upepo ni kazi ya mashua njema.

Mafundi hawakuridhika na bahati. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza George Braine alitengeneza chombo kilichounganisha kamba ya tanga kubwa na usukani: upepo ukizidi kulivuta tanga, tanga nalo liliuvuta usukani na kuirudisha mashua katika njia yake. Katika miaka ya 1930, Mnorwe Sam Berge alionyesha huko Gosport, kusini ya Uingereza, chombo kilichokuwa bora zaidi: ubawa mwembamba uliosimama nyuma ya mashua, ukageuzwa na upepo kama yule jogoo wa bati anayewekwa juu ya mnara wa kanisa, nao ukaugeuza usukani.

Miaka ile ile watu wa Marekani walifanya jambo jingine kubwa, ingawa lilionekana dogo. Mwaka 1930, katika mji wa Marblehead, jimbo la Massachusetts, Roy Clough alitunga kanuni fupi kabisa: urefu wa mwili wa mashua uwe inchi 50, yaani sentimeta 127, eneo la matanga liwe inchi za mraba 800, yaani zaidi kidogo ya nusu ya meta ya mraba. Karibu mambo mengine yote yaliachwa kwa akili ya fundi. Kanuni hiyo ilienea, na hata leo mashua za namna hiyo huitwa Marblehead, kwa jina la mji ule. Tangu hapo aliyeshindwa hakuweza tena kusema, "Mwenzangu ana mashua kubwa kuliko yangu."

AMRI ISIYO NA WAYA

Sasa tuje kwenye redio. Mwaka 1898, Nikola Tesla, mtaalamu wa umeme, aliwaalika watu katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Aliweka pale birika kubwa la maji, na juu ya maji mashua ndogo ya chuma yenye mota ya umeme. Tesla alisimama mbali na kugusa kisanduku chake. Mashua ikageuka kushoto na kulia, pasipo waya wala kamba. Watazamaji walistaajabu sana. Husimuliwa kwamba wengine walinong'ona kuwa ni uchawi, na wengine wakadhani yumo ndani kima aliyefundishwa. Hapakuwa na uchawi wala kima, bali mawimbi ya redio tu. Tarehe 8 Novemba mwaka ule ule, Tesla alipewa hati ya uvumbuzi huo, namba 613,809.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vyombo vya redio vilipungua ukubwa na uzito, hata vikaweza kuingia ndani ya mashua za mchezo. Siku hizi kisanduku cha kupelekea amri ni chepesi, mtu hukining'iniza shingoni au hukishika kwa mikono miwili. Kina vijiti viwili. Mkono ukisogeza kijiti, mawimbi hupaa; ndani ya mashua kipokezi kidogo huyapokea na kuviamsha vimashine viwili vinavyolishwa na betri.

Fahamuni vizuri jambo hili, kwani ndilo kiini cha habari yetu. Redio haiisukumi mashua. Mashua hizi hazina mota ya kuziendesha, mwendo wake wote hutoka katika upepo. Vimashine vile viwili hufanya mambo mawili tu: kimoja hugeuza usukani, cha pili hulegeza au kukaza kamba za matanga. Basi. Baharia aliye ukingoni hawezi kuamuru zaidi. Hawezi kuongeza upepo, hawezi kuinyosha mashua iliyopinda, hawezi kuziba tundu aliloliacha, hawezi kupunguza uzito alioutia bila hesabu. Yote hayo yaliamuliwa mezani pa kazi, miezi kadhaa iliyopita, taa ikiwaka na watu wa nyumbani wamelala.

KANUNI YA META MOJA

Mwaka 1988 ilitungwa kanuni ya namna moja ya mashua za redio, iitwayo International One Metre. Leo mashua hizo hushindaniwa katika nchi nyingi, na yako mashindano ya dunia nzima. Watungaji wa kanuni walitaka gharama zisipande ovyo, na mtu anayejijengea mashua nyumbani apate nafasi yake mbele ya yule anayenunua iliyokwisha kutengenezwa.

Kwa hiyo waliweka mipaka. Urefu wa mwili wa mashua usizidi milimeta 1000. Kutoka usawa wa maji hadi chini kabisa kusizidi milimeta 420. Mashua ikiwa tayari kwa safari, uzito wake usipungue gramu 4000. Mwili waweza kujengwa kwa mbao au kwa nyuzi za kioo. Lakini nyuzi za kaboni, zilizo ghali na ngumu kupita kiasi, hazikubaliwi katika mwili wala katika mlingoti. Matanga yawe ya namna tatu tu, pamoja na milingoti yake: makubwa ya upepo mwanana, ya kati, na madogo ya upepo mkali. Mwenye mashua huchagua asubuhi, akitazama mbingu na maji.

Tuwaombe sasa wanafunzi wachukue kalamu. Chini ya mashua hizi hushuka pezi jembamba, na katika ncha yake limefungwa bonge la risasi lililochongwa kama samaki. Kanuni yasema pezi na risasi pamoja visipungue gramu 2200 wala visizidi gramu 2500. Fundi mwerevu huchukua 2500 kamili. Je, zinabaki gramu ngapi kufikia 4000? Zinabaki 1500. Kilo moja na nusu! Ndani ya kilo hiyo moja na nusu yapasa kupata mwili mzima wa mashua, sitaha, mlingoti, matanga, usukani, redio, vimashine na betri. Akijenga mwili mzito, mashua yake nzima itakuwa nzito, itachelewa daima. Akijenga mwepesi kuliko inavyohitajiwa, aruhusiwa kuongeza vipande vya uzito ndani, mahali anapotaka, hata gramu 4000 zitimie. Lakini akijenga mwepesi na dhaifu, mbao zitaachana siku ya mawimbi. Hapo ndipo fundi anapojulikana.

Na kwa nini uzito mkubwa hivyo uwekwe chini kabisa? Tazameni mizani ya sokoni. Mkono wa mizani ukiwa mrefu, uzito mdogo huinua mkubwa. Upepo huyasukuma matanga huko juu na kutaka kuilaza mashua. Risasi iliyo chini, sentimeta karibu 40 chini ya maji, huivuta irudi kusimama. Kadiri mashua inavyolala, ndivyo risasi inavyozidi kusogea pembeni na kuvuta kwa nguvu. Mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki huita uzito kama huo farumi, nao huweka mawe au mchanga ndani ya majahazi yao kwa sababu hiyo hiyo.

KAZI YA MIKONO

Mashua ya mbao hujengwaje? Fundi huanza na ramani. Ramani huonyesha mashua kana kwamba imekatwa vipande kama mkate, na kila kipande kina umbo lake. Yeye hukata maumbo hayo katika plaiwudi, kisha huyasimamisha, yamepinduliwa chini juu, katika ubao mnene ulionyooka kabisa. Apime kwa uzi, apime kwa pembemraba, apime tena. Ubao wa chini ukipinda, mashua itapinda. Hakuna dawa ya baadaye.

Halafu huandaa fito za mbao, unene wake kama milimeta 2 au 3, upana wake kama milimeta 6 au 8. Mafundi wengi hupenda mwerezi mwekundu wa Amerika ya Kaskazini, au balsa wa Amerika ya Kusini ulio mwepesi sana. Wengine hutumia obeche, mti mweupe na mwepesi unaoota katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati; Wafaransa huuita ayous. Hivyo yawezekana kabisa kwamba mashua inayoteleza katika bwawa la Ulaya ilitoka katika mti uliokua kwetu Afrika.

Fito hupindwa juu ya maumbo yale na kuunganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi. Kwa kuwa mashua ni pana katikati na nyembamba mbele na nyuma, kila ufito hupunguzwa kwa randa ndogo kuelekea ncha zake, mpaka ukae karibu na mwenzake bila kulazimishwa. Ukitia ufito mmoja upande wa kuume, utie mara moja mwenzake upande wa kushoto. Sheria hii isivunjwe kamwe, na punde mtaona kwa nini tunaisema kwa mkazo.

Mwili ukiisha kufungwa, hupigwa msasa, wa kukwaruza kwanza, wa laini baadaye. Kiganja ni hakimu bora kuliko jicho: fumba macho, pitisha mkono, utahisi kilima ambacho jicho halikukiona. Kisha mwili hufunikwa kwa kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo kilicholowanishwa na gundi ya epoksi. Maumbo ya plaiwudi hutolewa, na ndani pia hupakwa epoksi ili maji yasiingie katika mbao. Kazi hiyo ifanywe mahali penye hewa, mikono ikiwa na glavu.

Inabaki kuweka kisanduku cha pezi, mahali pa mlingoti, sitaha na usukani. Pezi lisimame wima kabisa, tena lielekee sawasawa na mstari wa katikati. Likipinda hata kidogo, mashua itakwenda vizuri upepo ukitoka kulia na vibaya ukitoka kushoto, na mwenyewe atahangaika kutafuta sababu katika matanga. Juu ya risasi tuonye kwa nguvu: ikiyeyushwa hutoa mvuke wenye sumu, na tone la maji likiingia ndani yake hurusha cheche za kuunguza. Hiyo si kazi ya watoto. Ifanywe na mtu mzima anayeijua, tena nje ya nyumba.

MASHUA YETU ILIYOPINDA

Hapa tuungame jambo letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, sisi na wanafunzi wachache tulijaribu kujenga mashua ya namna hii, ndogo zaidi, bila redio, yenye urefu wa sentimeta 60. Seremala mmoja alitupa mabaki ya mbao, tukayapasua kuwa fito. Kazi ilichukua muhula mzima, saa moja moja baada ya masomo. Tuliipaka rangi nyeupe, tukaipa tanga la kitambaa cha shati, na chini yake tukafunga bolti nzito ya chuma badala ya risasi.

Siku ya kuishusha ziwani darasa zima lilikuja. Mashua ikasimama vizuri juu ya maji, wote wakapiga makofi. Tukaiachilia. Ikaenda meta chache, ikageuka kushoto. Tukairudisha, tukapanga upya usukani. Ikageuka kushoto tena, ikazunguka papo hapo kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala. Watoto wakaanza kucheka. Nasi, kwa hasira na aibu, tukamkemea mbele ya wenzake kijana aliyekata tanga, tukisema amelikata vibaya. Yeye hakujibu neno.

Jioni, tulipokuwa tukisahihisha madaftari, mwanafunzi mwingine alibisha mlangoni. Alisimama muda mrefu bila kusema. Mwisho alinena: "Mwalimu, tanga halina kosa. Ni mimi niliyeiharibu." Akatueleza kwamba siku moja wenzake walikwenda kucheza mpira, naye akabaki peke yake. Alitaka tumkute amefanya kazi nyingi, tumsifu. Basi akabandika fito sita mfululizo upande mmoja, pasipo kubandika hata mmoja upande wa pili. Gundi ilipokauka, fito zile sita ziliuvuta mwili wote. Aliuona umepinda kidogo, akaogopa, akanyamaza. Msasa na rangi nyeupe vikaficha kosa, na hata sisi tulipotazama hatukuliona.

Macho yetu hayakuliona, lakini maji yaliliona mara moja.

Haraka haraka haina baraka, tuliwahi kumwambia yeye na wenzake mara nyingi. Lakini jioni ile hatukuwa na mahubiri ya kumpa. Yeye alikuwa amefanya lililo gumu kuliko kujenga mashua. Nasi tulikuwa tumemhukumu asiye na hatia. Kesho yake tulimwomba radhi yule kijana wa tanga mbele ya darasa zima, na yule wa pili akasimama kando yake, akakiri kwa kinywa chake. Mashua hatukuitupa. Iko bado juu ya kabati la darasa, nyeupe, nzuri kwa macho, nayo haiwezi kwenda popote.

SIKU YA MASHINDANO

Turudi sasa kwenye mashindano. Mabaharia husimama pamoja ukingoni, mahali palipowekewa mipaka, wala hawaruhusiwi kutoka humo wakati mashua zao zinashindana. Majini yamewekwa maboya: mawili ya mstari wa kuanzia, mengine ya kuzunguka. Mashua zikiwa nyingi hugawanywa katika makundi. Wa kwanza wa kundi la chini hupandishwa, wa mwisho wa kundi la juu hushushwa, kama darasani. Kila mmoja hupata alama kadiri ya nafasi yake, wa kwanza 1, wa pili 2, na kadhalika. Mwishoni mwenye jumla ndogo ndiye mshindi.

Katika dakika ya mwisho kabla ya kuanza, sauti hutangaza kila sekunde 10, na sekunde 10 za mwisho huhesabiwa moja moja. Mashua zote huzungukazunguka karibu na mstari, kila moja ikitaka kuuvuka sawasawa na neno la mwisho. Ikiuvuka mapema, yapasa irudi.

Boya la kwanza liko upande upepo unakotoka. Hakuna mashua ya tanga inayoweza kwenda moja kwa moja kulikabili tundu la upepo. Huenda mshazari, upepo ukiupiga upande mmoja, kisha hugeuka na kwenda mshazari upande wa pili, kama mtu anayepanda mlima kwa njia ya kupindapinda. Mabaharia wa pwani huita kazi hiyo kubisha. Lakini upepo unawezaje kuivuta mashua kuuelekea? Chukueni mbegu ya chungwa yenye maji, ibaneni kati ya vidole viwili: huruka mbele, ingawa hakuna kidole kilichoisukuma mbele. Kidole kimoja ni upepo katika tanga. Kidole cha pili ni maji yanayolizuia pezi lisiende ubavuni. Mashua iliyobanwa kati ya hivyo viwili haina njia ila mbele.

Baharia aliye ukingoni hasikii tanga likipigapiga, hahisi mashua ikilala. Ana macho tu. Husoma maji: palipo na vikunjo vyeusi, upepo unakuja, palipo laini kama kioo, upepo umekufa. Mashua ikimjia, kulia kwake ni kushoto kwa mashua, na wengi wanaojifunza hugeuza usukani upande usiofaa. Majani ya majini yakinasa katika pezi, mashua husimama kama iliyoshikwa na mkono. Betri ikifa, hupeperushwa mbali mpaka aende mtu kwa ngalawa kuichukua.

NANI MKOSAJI?

Mashua ishirini zikikutana katika boya moja, lazima zigusane. Kanuni ni wazi: inayopokea upepo upande wake wa kushoto sharti iipishe inayoupokea upande wa kulia. Lakini mashua ziko mbali, matanga yamefunikana, na mambo yote hupita kwa nukta moja. Nani atahukumu?

Utaratibu wao ulitupendeza sana tulipousoma. Baadhi ya mabaharia ambao si zamu yao huwekwa kuwa watazamaji. Mtazamaji akiona mashua mbili zimegusana, hupaza sauti na kutaja namba zilizoandikwa katika matanga yake. Hasemi zaidi. Hasemi nani amekosa. Ndipo yule anayejua moyoni kwamba kosa ni lake huiondoa mashua yake kati ya nyingine na kuizungusha mara moja kamili, mbele ya macho ya wote, wakati wenzake wanampita. Hiyo ndiyo malipo yake. Akiisha kuilipa, neno limekwisha, aendelea na safari. Yule aliyedhulumiwa aweza kudai, na shauri kuletwa baadaye mbele ya baraza. Lakini kanuni yenyewe yataka kwanza mkosaji ajihukumu, tena upesi, pasipo kungojea kulazimishwa.

Fikirini gharama yake. Mtu amejenga mashua miezi mingi. Amechukua gramu 2500 kamili za risasi, amepiga msasa hata vidole vikatoka damu, ameshika nafasi ya pili. Zimegusana kidogo tu, labda hakuna aliyeona wazi. Akizunguka, atakuwa wa kumi. Asipozunguka, labda atashinda. Kidole chake kiko juu ya kijiti cha usukani, nao upepo haungojei.

Tuliposoma hayo, tulimkumbuka kijana aliyebisha mlangoni petu jioni ile. Hakuna mtazamaji aliyetaja namba yake. Angeweza kunyamaza, na mwenzake angebeba lawama mpaka leo. Yeye aliigeuza mashua yake mwenyewe.

Sasa amekuwa fundi seremala, ana karakana yake na wanafunzi wake. Tulipomtembelea mwaka jana, tulimkuta akimfundisha mtoto kuunganisha mbao za mlango. Alitwaa ubao mmoja, akaubandika kuume. Kisha, kabla ya kusema neno lolote, akanyosha mkono akachukua wa kushoto.